Kiota cha Mpekuzi

Kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemwita kwa jina lake pale kazini. Aliitwa Darubini. Wenzake wa kituo cha utafiti wa ndege walimpa jina hilo kwa sababu aliona viota ambavyo wengine walikuwa nusura wavikanyage. Kituo chenyewe kilikuwa ukingoni mwa msitu wa miombo: ofisi mbili, ghala, jiko, tangi la maji lililokwisha kazi na kibanda cha mlinzi. Kila asubuhi alivaa buti, akachukua darubini ya kituo kabatini, akaweka saini, akaingia msituni. Akikuta kiota alirudi nyuma hatua kumi, akafunga utepe mwekundu kwenye tawi, kisha akajaza kadi: aina ya ndege, tarehe, idadi ya mayai, jina la aliyekiona. Katika kadi nyingi za kabati lile jina la aliyekiona lilikuwa moja.

Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke aliyekaribia kustaafu. Watu walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumchoma mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa ndege, na katika ndege wote wa msitu ule mmoja tu ndiye aliyemsumbua akili. Alikuwa ndege mdogo kama ngumi ya mtoto, mgongo wa kahawia, mbavu za rangi ya kutu, na juu ya jicho mstari mweupe kama nyusi iliyochorwa kwa chaki. Alishinda chini, akirukaruka na kupindua majani makavu kutafuta wadudu, mkia ukipanda na kushuka. Pale kituoni walimwita mpekuzi. Alfajiri aliimba wimbo wa kumsimamisha mtu mlangoni na mswaki mdomoni, lakini kiota chake kilikuwa siri. Kwa miaka yote hiyo Darubini alikiona mara mbili tu, na mara zote mbili nyoka aliwahi mayai.

Daktari alitaka kujua makinda yake hukaa kiotani siku ngapi na hulishwa nini. "Nitafutie kimoja tu kabla sijaondoka," alimwambia Darubini. Darubini aliyapokea maneno yale kama amana, akaanza kuamka nusu saa mapema zaidi.

Msimu huohuo mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, alipata kazi mji wa mbali akawa hana pa kumweka mkewe. Darubini alikuwa akiishi na mama yake katika nyumba ya vyumba vitatu nje kidogo ya kituo, naye hakusita. "Mlete kwetu," alisema. "Wifi yangu atalala wapi na mimi nipo?" Akaja wifi, mwanamke mwembamba, mkimya, na cherehani yake ya mkono. Ni Darubini mwenyewe aliyekwenda kwa Daktari kumwombea kazi. Nyavu za kunasia ndege zilikuwa zimechanika hadi popo walipita kama wageni waalikwa, na wifi alikuwa fundi wa kushona. Kwa hiyo, kwa yaliyofuata, hakuwa na wa kumlaumu. Mgeni alikuwa wake, na mlango aliufungua yeye.

Kwa kuwa Darubini alimwita "wifi", mpishi naye akamwita wifi, na mlinzi, na mwishowe hata Daktari. "Hatimaye kituo kimepata wifi," mpishi alisema siku ya kwanza akigawa chai, "na hii haikatiki mvua ikinyesha." Watu walicheka. Darubini naye alicheka. Wakati ule bado alikuwa anaweza.

Wifi alishonea kwenye kibaraza nyuma ya ghala. Nyuzi za nyavu zile ni nyembamba kama nywele, na kazi yake haitaki haraka. Aliketi kwenye kigoda tangu asubuhi, miguu ameinyoosha, mikono tu ndiyo inayotembea. Baada ya siku chache ndege wakamzoea. Jioni moja, wakiwa mezani watatu, alisema, "Wifi, yule ndege wenu wa majani leo kapita mbele yangu mara sita. Kabeba nyuzi za mizizi mdomoni. Anaelekea upande wa tangi."

"Wote hubeba," Darubini alijibu bila kuinua uso. "Usipoteze macho yako."

Mama akamtazama binti yake. "Si ndiye huyo mnayemtafuta?"

"Mama, mtu akiona kuku kabeba unyoya atasema kaona kiota?"

Lakini kesho yake, kabla ya chai, Darubini alikuwa upande wa tangi. Alitembea huku na huku, akainama, akachungulia kila kichaka, akapekua nyasi kwa fimbo. Hakuona kitu. Alirudi na moyo mwepesi, na wepesi ule ulimshtua kidogo, kwa maana ilikuwa kana kwamba alikuwa amekwenda kuhakikisha kwamba hakipo.

Siku ya nne baada ya hapo wifi alimsimulia mpishi, na ukimsimulia mpishi umelisimulia jiji. Kabla ya saa nne Daktari alikuwa amekaa chini kibarazani, ubavuni mwa wifi, kimya kama mwanafunzi. Wakamwona mpekuzi akitua juu ya kisiki kilichooza nyuma ya tangi, akitazama kulia na kushoto, kisha akazama ndani. Kisiki kilikuwa na tundu upande wa ukuta wa tangi, mahali pasipoonekana ukiwa umesimama. Ndani mlikuwa na mayai matatu ya rangi ya maziwa yenye madoa ya kahawia. Kutoka mlango wa ghala ni hatua arobaini. Darubini alipita pale kila siku ya Mungu.

Alipotoka msituni mchana aliwakuta wote wana nyuso za sikukuu. Mlinzi, ambaye hakuwa na ubaya, alimpigia saluti. "Dada, leo darubini imeingia ukungu."

"Itafutwa," alisema, akatabasamu, na lile tabasamu lilimuuma taya mpaka jioni.

Tangu siku ile kijiba cha roho kikamkaa. Hakikuja kwa kishindo. Kilikuwa katika mambo madogo madogo. Kadi ya kiota ilibandikwa ubaoni ofisini, na penye jina la aliyekiona paliandikwa "Wifi", neno lake yeye, lililotoka kinywani mwake. Daktari, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alimsifu Darubini kwa kutikisa kichwa tu, sasa alionekana kibarazani akicheka. Siku moja alileta darubini yake mwenyewe ya zamani, yenye mkanda wa ngozi, akamvisha wifi shingoni. "Kaa nayo. Mimi macho yamechoka." Darubini alikuwa akisubiri zamu ya kurudisha ile ya kituo kabatini, kalamu mkononi. Akaweka saini, na saini ikatoboa karatasi.

Nyumbani ikawa yaleyale. "Mkwe wangu kaona ndege aliyewashinda wasomi," Mama aliwaambia majirani waliokuja kuazima ungo. Alisema "wasomi", hakusema "binti yangu", lakini Darubini alikuwa jikoni na alijua mshale umeelekea wapi. Aliosha sahani ileile mara mbili. Usiku alijiambia kwamba yeye si mtu wa wivu, ila haki itendeke tu. Mtu ametembea miaka kumi na mmoja, mwingine amekaa kwenye kigoda wiki tatu. Haki iko wapi hapo?

Mayai yote matatu yakaanguliwa. Daktari alifurahi kama bibi aliyepata wajukuu mapacha na mmoja wa ziada, halafu siku ya tano akaitwa kwenye mkutano wa siku kumi. Kabla hajapanda gari aliwaita wote wawili. "Siku ya saba au ya nane mtawavisha pete za namba miguuni. Darubini atavisha, wifi ataandika. Ikipita siku ya kumi, msiwaguse. Makinda wakubwa ukiingiza mkono wanaruka wote, na hawajui bado kukimbia. Mnanielewa?"

Walielewa. Lakini siku ya saba mvua ilinyesha, ya nane ikanyesha, ya tisa na ya kumi ikanyesha zaidi, na huwezi kumfunua kinda kwenye baridi. Siku ya kumi jioni wifi alisimama dirishani akitazama maji yakitiririka. "Basi, tumeshachelewa. Tuwaache tu. Nitahesabu siku watakayotoka."

"Sawa," Darubini alisema.

Asubuhi ya kumi na moja mvua ilikuwa imekatika. Darubini alitoka mapema, pete tatu mfukoni. Baadaye, alipojiuliza alikuwa akifikiri nini, hakupata jibu la kujivunia. Alitaka kadi ile iwe na walau mstari mmoja wa mwandiko wake. Alitaka Daktari, akirudi, akute pete na aulize nani kavisha. Alikuwa na mikono myepesi kuliko mtu yeyote pale kituoni, amevisha mamia, na alijiambia kwamba siku ya kumi ni hesabu ya watu wasio na mikono.

Alipiga magoti nyuma ya tangi, akaingiza vidole tunduni. Akagusa joto. Halafu kisiki kikalipuka. Kinda wa kwanza alimpita shavuni, wa pili akaangukia majani na kuyumba kama mlevi, wa tatu alimdaka. Moyo wa yule ndege ulikuwa ukipiga haraka mno mkononi mwake. Alimrudisha tunduni, akaziba kwa kiganja, akahesabu hadi mia. Alipoondoa mkono kinda akaruka tena, akapotea nyasini. Juu ya tawi mzazi alikuwa akilia, chek-chek-chek, bila kupumzika. Darubini alitafuta kwa magoti mpaka magoti yakalowa. Kila jani la kahawia lilifanana na kinda.

Akaenda ofisini. Akachukua kadi ubaoni, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Siku ya 11. Kiota kitupu. Nguchiro.

Ndiyo, aliupata mstari wake.

Wifi aliisoma saa mbili. Hakulia mbele ya watu. Alirudisha kadi ubaoni, akaenda kibarazani, akachukua wavu, lakini hakushona. Mpishi alimpelekea chai ikapoa. "Nguchiro hana adabu," mpishi alimwambia Darubini jikoni. "Hata wewe pole, dada, mlihangaika wote." Darubini alipokea pole ile.

Siku mbili zilizofuata wifi hakuonekana kibarazani. Alishinda nyuma ya tangi, amekaa chini juu ya gunia. Darubini alipita mbali, macho mbele, akijifanya ana safari. Siku ya tatu, walipokuwa wanaanika nguo nyumbani, shuka kati yao kwenye kamba, wifi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzazi bado anabeba wadudu."

Darubini alichukua kibanio kingine cha nguo.

"Anapeleka kwenye kichaka cha miiba, karibu na uzio. Wapo wawili. Wa tatu sijamwona. Nguchiro hawezi kula kiota akaacha wawili wakatembea hadi uzioni, wifi."

"Labda aliwakosa."

"Labda." Wifi alikunja pindo la shuka, akalinyoosha. "Mvua ilikuwa imelainisha udongo pale. Kuna alama za magoti, na buti lililolika kisigino upande mmoja. Nilizifuta kwa tawi."

Upepo uliipiga shuka, na kwa kitambo hawakuonana. Darubini alitarajia kusikia aibu. Kilichokuja kwanza kilikuwa hasira, kali kama pilipili machoni. "Ulizifuta kwa nini? Si ungemwita mlinzi aone? Si ungemwambia mpishi, mwenzako?"

"Sikutaka ajue mtu kabla hujasema."

"Na nisiposema?"

"Utasema."

"Unanijua wapi wewe?"

"Sikujui sana," wifi alisema. "Lakini kadi zako nimezisoma zote, mchana nikipumzika. Ulipovunja yai la kware mwaka wa tatu uliandika, 'Nimelivunja mimi.' Nilicheka siku ile. Nikasema, huyu hata yai moja linamnyima usingizi."

Hapo ndipo Darubini alipokaa chini, juu ya ukingo wa beseni. Mwanamke huyu alikuwa amemshinda kwa macho, amemshinda kwa Daktari, amemshinda kwa Mama, na sasa amemshinda hata kwa uungwana. Kama angemtukana, wangekuwa sawa.

"Nilikuonea wivu," alisema, akiangalia maji ya sabuni.

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile darubini. Ulinipisha mlangoni kama mtu anayepisha jeneza."

Darubini alicheka kwa pua, bila kupenda. Kisha machozi yakaja, naye akayaosha kwa maji yaleyale ya sabuni, yakamuwasha, akapata sababu ya kulia zaidi.

Daktari alirudi siku ya Jumatatu. Darubini alimfuata ofisini kabla hajafungua begi. Chumba kilinuka naftalini, kwa sababu ya zile droo za ndege waliokaushwa, naye Daktari alikuwa akipanga karatasi zake kwa urefu. Darubini alisema yote akiwa amesimama, mikono nyuma: siku ya kumi na moja, pete mfukoni, nguchiro asiyekuwepo. Hakutaja nyayo wala tawi lililozifuta. Alisema pia kwamba wawili wako hai, na kwamba aliyewaona si yeye.

Daktari aliziweka karatasi chini. "Kadi nyingine," aliuliza. "Za miaka kumi na mmoja. Kuna nguchiro wengine?"

"Hapana, Daktari."

"Nitajuaje?"

Darubini alikuwa amejiandaa kwa kelele, hata kwa kufukuzwa. Kwa swali lile hakuwa amejiandaa. Alitazama kabati la kadi, alilolijaza karibu lote kwa mkono wake, akaona jinsi neno moja lilivyoyatia doa maelfu. "Huwezi kujua," alisema. "Mimi tu ndiye ninayejua."

Daktari aliandika barua fupi. Kwa msimu ule Darubini hangejaza kadi yoyote bila mtu wa pili kutia saini. Mtu wa pili, kwa kuwa wengine hawakujua kazi, alikuwa wifi. Mpishi aliposikia alisema tu kwamba chai iko tayari, na kwa mpishi yule hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Ikawa hivyo. Asubuhi walitoka wawili, Darubini mbele, wifi nyuma. Mmoja alijua miti, majina na nyimbo. Mwingine alijua kukaa. Darubini alimfundisha, lakini si yote. Kuna siku alisikia sauti ya ndege adimu akanyamaza, akapita, akajilaumu njia nzima, kisha wakati wa kurudi akasimama na kusema, "Sikiliza pale. Asubuhi sikukwambia." Wifi alisikiliza, akaandika, hakuuliza kwa nini.

Siku moja, wamekaa chini wakimngoja mpekuzi mwingine atoke majanini, Darubini alimwuliza, "Hivi wewe unawezaje? Mimi dakika kumi tu miguu inanitafuna."

Wifi alifikiri. "Nilipoolewa, kabla hatujapanga kwetu, tuliishi kwenu, na Mama hakunisemesha mwaka mzima. Hukuwepo nyumbani siku zile, ulikuwa unalala kituoni. Nikawa nakaa tu jikoni, sisogei, nasubiri anizoee. Ukisogea anaondoka."

"Mama yangu?"

"Mama yako. Sasa ananisifu kwa majirani, nami namwacha. Zile sifa nimezikalia."

Darubini alikuwa akidhani zile sifa ziliokotwa njiani, kama kiota.

Mwishoni mwa msimu mdogo wake alipiga simu. Alikuwa amepata nyumba, vyumba viwili, maji ndani. "Dada, nataka nimchukue mke wangu mwezi huu. Yeye anasitasita, sijui mmemlisha nini. Wewe anakusikiliza. Nisemee."

Darubini alikuwa amesimama sebuleni. Kupitia dirishani alimwona wifi uani, darubini ya mkanda wa ngozi shingoni, akimchekesha Mama. Neno moja tu. "Nenda, wifi, mume ni mume." Hakuna ambaye angemlaumu, hata msikiti na kanisa vingemuunga mkono. Kabati lingerudi kuwa lake, meza ingerudi kuwa yake, na asubuhi angetoka tena peke yake. Alilionja neno lile ulimini, na lilikuwa tamu, hilo hakujidanganya.

"Dada? Upo?"

"Nipo," alisema. "Mimi sio mdomo wa mkeo. Muulize mwenyewe."

Akatoka uani, akamkabidhi wifi simu, akachukua ndoo ambayo haikuhitaji kujazwa na kwenda nayo bombani. Hakutaka kusikia, lakini uwanja ulikuwa mdogo.

"Nyumba nzuri, nimesikia," wifi alikuwa akisema. "Ina miti? ... Hata mmoja? ... Basi subiri msimu ujao uishe. Au njoo wewe huku, Daktari anatafuta dereva."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Darubini alifungua bomba, maji yakagonga bati la ndoo kwa nguvu. Msimu mwingine mzima. Kijiba kilijigeuza kifuani mwake, kikakaa vizuri zaidi kama paka aliyepata mto, naye akakiacha kikae. Ndoo ilipojaa aliibeba hadi jikoni, akaweka maji ya chai ya watu watatu.